Kisiwa cha Ikaria, Ugiriki: tukae upande gani wa mlima, na tutawezaje kuona vijiji na fukwe bila kumchosha mama?

BintiKisauni

Assalamu alaykum, na salamu kwa wanajukwaa wote.

Mimi na mume wangu tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo kwa miaka minne ili tusafiri hadi Ugiriki pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 67, na binti yetu wa miaka 14. Badala ya kwenda kwenye vile visiwa vya nyumba nyeupe ambavyo picha zake zimejaa kila mahali, tumechagua Ikaria, kisiwa cha milima kilichoko mashariki ya Bahari ya Aegean. Kila mmoja wetu ana sababu yake. Mama amesikia habari za chemchemi za maji ya moto, na magoti yamekuwa yakimsumbua tangu alipostaafu kazi ya kusimama dukani kutwa. Binti yetu amegundua kwamba kuna ufukwe uitwao Seychelles, na kila siku ananiuliza Wagiriki wamelipataje jina la majirani zetu wa Bahari ya Hindi, jina ambalo kwake yeye lilikuwa la tunda la shelisheli tu. Mimi ninatamani vijiji. Nimezaliwa na kukulia Kisauni, ambako mlima ni kitu cha kutazamwa kwa mbali kupitia dirisha la gari-moshi likifika Voi, na sijawahi kulala mahali ambapo nikiamka ninaiona bahari iko chini yangu kabisa.

Tutakuwa kisiwani siku nane kamili, mwanzoni mwa Septemba. Viza tumekwisha kupata. Nimeandika orodha ya fukwe 12, mmoja asubuhi na mwingine jioni, na vijiji nimevipachika katikati. Mume wangu ameitazama ramani na kusema kwamba orodha hiyo haitekelezeki. Ninaomba ushauri wa waliofika: tukae kusini, karibu na chemchemi, au kaskazini, ambako ninasikia fukwe za mchanga ni nyingi zaidi? Mtu mwenye magoti mabovu anaweza kweli kuvifikia vijiji hivyo? Na kuhusu chakula, kwa kuwa sisi ni Waislamu, tungependa kula kwa utulivu wa moyo.

FundiMeli wa Majengo

Waalaykum salaam, binti yangu.

Nilifanya kazi katika vyumba vya injini za meli za mizigo kwa miaka 22. Wakati mmoja meli yetu ilipandishwa chelezoni kule Perama, karibu na Piraeus, bandari ya Athens, na mhandisi wetu mkuu, mzaliwa wa kijiji kilicho juu ya Evdilos, akanichukua kwao kwa siku tano. Nimerudi mara mbili tangu hapo, mara ya mwisho nikiwa na mke wangu. Kila asubuhi nilipomuuliza mwenyeji wangu tunakwenda wapi, alitoka kwanza nje, akautazama mlima, kisha ndipo akanijibu. Nami ninakuomba uiweke kando orodha yako ya fukwe 12 hadi utakapouelewa mlima, kwa maana ndio unaopanga siku ya kila mtu pale.

Ikaria ni kisiwa chembamba kilicholala mashariki kwa magharibi, chenye urefu wa kilomita 40 hivi, na katika sehemu nyingi upana wake haufiki kilomita 10. Mgongo wake wote ni safu moja ya milima, Atheras, ambayo vilele vyake vinapita mita 1,000. Ukipima upana huo kwa rula utaona kuwa ni mfupi kuliko mwendo wa kutoka Likoni hadi Mtwapa, nawe utadhani kwamba kukikata kisiwa ni kazi ya robo saa. Lakini barabara inayounganisha bandari zake mbili, yaani Agios Kirykos iliyoko kusini na Evdilos iliyoko kaskazini, inakaribia kilomita 40, na gari dogo hutumia zaidi ya saa moja, kwa kuwa linapanda hadi mgongoni, linafuata ukingo wa mlima kwa kona zisizoisha, halafu linateremka upande wa pili. Mtu aliyeamkia kusini akaogelea kaskazini na kurudi kulala kusini atakuwa ameimaliza siku yake ndani ya gari.

Kwa hiyo msikae mahali pamoja, wala msihame kila siku. Laleni siku tatu za kwanza kusini na tano zinazobaki kaskazini, ili mlima muuvuke mara moja tu mkiwa na mizigo.

Kusini pana kijiji cha Therma, kilomita chache kutoka Agios Kirykos, na hapo ndipo mama atakapopumzika. Chemchemi zake zimetumiwa tangu enzi za kale, na baadhi yake zina joto linalozidi nyuzi 50 pale zinapotoka ardhini, ndiyo maana maji huchanganywa kabla mtu hajaingia. Pana bafu moja lililo ndani ya pango, ambamo mvuke hukaa palepale na jasho huanza kukutoka kabla hujagusa maji. Zaidi ya hapo, upande wa pili wa Agios Kirykos, mahali paitwapo Lefkada, maji ya moto yanabubujika ufukweni moja kwa moja, na watu wamepanga mawe kwa duara ili yasitawanyike haraka. Mke wangu alikaa ndani ya duara lile mgongo ukiwa kwenye joto na miguu ameinyoosha hadi kwenye maji baridi ya bahari, na mpaka leo akihadithia Ugiriki huanzia hapo. Jambo moja ninakusisitizia: maji yale yana radoni, yaani gesi yenye mionzi, tena ni ya moto, na wenyeji wenyewe hukaa humo kwa muda uliopimwa. Kama mama ana shinikizo la damu au tatizo la moyo, azungumze na daktari wake hapa Mombasa kabla ya safari, wala asingoje kuamulia pale.

Sasa vijiji. Ukifika utashangaa kuona kwamba, kinyume na miji yetu ya mwambao, ambayo iliielekea bahari na kungoja majahazi, vijiji vya zamani vya Ikaria vimeipa bahari kisogo. Kwa karne kadhaa maharamia waliwahangaisha watu wa visiwa vile, na watu wa Ikaria walichagua kutoonekana. Walipanda milimani na kujenga nyumba fupi zisizo na ghorofa, za mawe yaleyale yanayouzunguka mteremko, nyingine zikiwa zimeegemezwa chini ya jabali ili jabali liwe nusu ya paa. Mwenyeji wangu alinipeleka kwenye nyumba moja ya babu zake. Tulisimama hatua kumi kutoka mlangoni, akaniambia niitafute, nami sikuiona mpaka aliponishika bega na kunigeuza. Paa lilikuwa la mawe mapana yaliyopangwa kama magamba ya samaki, hapakuwa na dirisha lililoelekea bahari, wala hapakuwa na dohani, kwa sababu moshi ulipaswa kupenya kidogo kidogo kati ya mawe bila kupanda juu na kuwasaliti. Ndani, mlango ulikuwa mfupi kiasi kwamba niliingia nimeinama hadi kiunoni. Kijiji cha Langada, kilichoko ndani ya bonde upande wa magharibi, kilikuwa maficho ya aina hiyo, na hata leo hukioni mpaka uwe umeingia.

Kwa mama ninakupendekezea Christos Raches, kijiji cha kaskazini-magharibi kilichoko juu ya kijiji cha pwani cha Armenistis, kwa sababu gari hufika hadi karibu na uwanja wake, na uwanja wenyewe ni tambarare. Msiende saa nne asubuhi, kwani mtakuta milango mingi imefungwa. Watu wa Raches wana desturi ya kushughulikia mashamba na mapumziko yao mchana na kufungua maduka usiku. Mara yangu ya mwisho nilinunua mkate hapo saa tano usiku, watoto wakicheza mpira uwanjani na wazee wakiwa mezani, na mwenye duka la mboga alikuwa ameondoka na kuacha kibati cha pesa juu ya kaunta ili wateja wajihudumie.

Kuhusu Seychelles, mimi ningeuacha. Uko kusini, karibu na Manganitis, mbali na pande zote mbili mtakazolala, na njia ya kuteremkia ni ya mawe matupu.

MwalimuTudor

Shikamoo mzee FundiMeli, na habari za jioni dada BintiKisauni.

Ninakubaliana na mzee wetu kuhusu kugawa siku, ila ninatofautiana naye kuhusu Seychelles. Nilikwenda Ikaria na wanangu wawili baada ya kuhudhuria mafunzo Athens, na siku ile ya Seychelles ndiyo waliyoikumbuka kuliko zote. Ni kweli kwamba mama hawezi kuteremka. Gari huachwa kando ya barabara karibu na handaki, kisha watu hushuka kwa miguu kupitia mkondo mkavu uliojaa majabali, kwa muda wa dakika 10 hadi 15, wakishika mawe kwa mikono mahali pengine. Huko chini hakuna duka, hakuna choo, wala hakuna kivuli isipokuwa kile cha mwamba kabla jua halijapanda. Lakini ufukwe ni wa kokoto nyeupe, majabali yake ni meupe, na maji yana rangi ambayo binti yako ataielewa mara moja kwa nini ilimkumbusha mtu Ushelisheli. Mume wako aende naye asubuhi mapema, katika zile siku mtakazokuwa kusini, wakiwa na viatu vilivyofungwa vizuri na maji ya kunywa ya kutosha, nanyi mbakie Therma na mama.

Ninataka pia kukueleza mambo ya bahari yenyewe, kwa sababu sisi watu wa pwani hudhani kwamba tunaijua bahari popote tuendapo, na mimi dhana hiyo iliniponza. Sisi tumelelewa na maji kujaa na kupwa. Tunajua saa ya kutembea hadi mwambani na saa ya kurudi, na mwamba wenyewe, kule Nyali na Bamburi, ndio unaoyavunja mawimbi kabla hayajatufikia. Ikaria haina mwamba huo wa matumbawe, na maji kupwa na kujaa ni ya kiasi cha sentimita tu, kwa hiyo ufukwe uliouacha asubuhi ndio utakaoukuta jioni. Hali hiyo ilinifanya nitulie kupita kiasi. Tulikuwa Messakti, ufukwe mrefu wa mchanga ulioko karibu na Gialiskari, na wimbi lililotoka bahari kuu likamfikia mwanangu mdogo likiwa na nguvu zake zote. Lilipokuwa linarudi, mkondo ulimvuta hatua nyingi kabla sijamshika mkono, na tangu hapo sikuwaruhusu kupita magotini. Mchanga wa Messakti ni mzuri mno, na nyuma yake kuna vidimbwi vya maji baridi vinavyofanywa na vijito vinavyoteremka mlimani, ambamo watoto wanaweza kucheza kwa usalama zaidi. Livadi, ulioko jirani tu na Armenistis, ni mfupi kuliko Messakti, lakini nao pia usiuingie kwa pupa bahari ikichafuka.

Kinachoichafua ni upepo wa kiangazi waitwao meltemi. Huvuma kutoka kaskazini, na Julai na Agosti ndiyo miezi yake mikali, ingawa Septemba mwanzoni bado hujitokeza. Kwetu sisi kaskazi ndiyo inayotuletea bahari tulivu ya kuvulia. Kule upepo wa kutoka upande huohuo ndio unaozifunga fukwe za kaskazini. Basi ukiamka Armenistis ukaona misonobari inainama na bahari imetapakaa povu, siku hiyo ni ya vijiji. Nendeni Raches, mtembee kidogo kwenye njia za kale za mawe zinazounganisha vitongoji vyake, au mpande hadi monasteri ya Mounte, ambako gari hufika. Siku ya utulivu ndiyo iwe ya kuogelea. Mimi nilifanya kinyume kwa siku mbili nzima kwa kuwa nilikuwa ninafuata ratiba niliyoiandika nyumbani.

Mahali pengine ambapo sitaki mpakose ni Nas, kilomita chache magharibi ya Armenistis. Korongo la mto Chalaris linafunguka hapo na kukutana na bahari kwenye ghuba ndogo iliyobanwa na majabali, na kando ya mto ipo misingi ya hekalu la Artemi, mungu wa kike ambaye mabaharia wa kale walimwomba ulinzi kabla ya kusafiri. Hekalu lilisimama hadi karne ya 19, wakati wanakijiji walipoyachukua marumaru yake kujengea kanisa, na sasa kimebaki sakafu na mistari ya mawe. Nilisimama mahali ambapo mto unaingia baharini, mguu mmoja ukiwa katika maji ya mto, yaliyokuwa ya uvuguvugu kwa kulala juani, na mwingine katika maji ya chumvi yaliyonifanya nivute pumzi kwa ubaridi. Hata hivyo, dada, sina budi kukwambia kwamba kwa desturi ya muda mrefu baadhi ya wageni huogelea pale bila nguo. Mkienda na mama na binti, nendeni asubuhi na mapema, au mkae kwenye mikahawa iliyoko juu, ambako mandhari yote ya ghuba yanaonekana.

BintiKisauni

Nimesoma majibu yenu mara mbili, mara ya pili nikimsomea mama kwa sauti. Mzee FundiMeli na mwalimu, Mungu awalipe. Orodha ya fukwe 12 nimeichana.

Limebaki suala la chakula na ibada. Limebaki pia jambo linalomtia mume wangu wasiwasi, ingawa hakutaka niliandike: ameendesha gari kwa miaka 18, lakini hajawahi kuendesha upande wa kulia wa barabara, wala kwenye mlima. Je, tunaweza kutegemea mabasi?

DerevaMiritini

Dada, mwambie shemeji asione haya kuuliza. Mimi ninaendesha gari la watalii, nimepanda na kuteremka vilima vya Taita na Shimba kwa miaka mingi, na bado siku yangu ya kwanza Ikaria niliendesha kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa huku mikono ikitoka jasho. Nilialikwa huko na familia niliyowahi kuizungusha Tsavo.

Mabasi yapo, ila ni machache mno kwa familia yenye mzee, na kisiwani watu wengi huombana lifti barabarani kwa kuaminiana, jambo ambalo kwenu wanne wenye mizigo halitafaa. Kodini gari. Shemeji achukue leseni ya kimataifa kutoka Automobile Association of Kenya kabla ya kuondoka, na aombe gari dogo, kwani barabara za vijijini ni nyembamba na mara nyingi gari moja hulazimika kurudi nyuma ili jingine lipite.

Kuendesha upande wa kulia huzoeleka kwa siku moja. Hatari iko asubuhi, mtu anapotoka mahali pa kuegesha ambapo hakuna gari jingine la kumkumbusha, na mkono wake wa zamani ukamrudisha kushoto. Mimi nilimwomba mwenyeji wangu, aliyekaa pembeni, aseme neno “kulia” kila tulipoondoka mahali, na tulifanya hivyo hadi siku ya mwisho. Binti yenu anaweza kuifanya kazi hiyo. Katika mteremko asitegemee breki peke yake. Abaki kwenye gia ya pili na kuiachia injini ilishike gari, hasa katika ule mteremko wa kuingia Evdilos. Kwenye kona zisizoona mbele apige honi. Mbuzi wa Ikaria hawana mchungaji wala haraka, nao hupenda kulala kwenye lami jioni kwa sababu ya joto lake. Kwa hiyo safari za usiku ziwe fupi, kutoka Raches hadi Armenistis na si zaidi.

La mwisho ni kwamba gari alikague kabla ya kutia sahihi. Mimi nilipewa gari kwenye ofisi moja ndogo bandarini, nikafurahia bei, na sikufungua buti. Tairi lilipasuka juu mlimani, mahali ambapo hata simu haikushika vizuri, na ndipo nilipogundua kwamba tairi la akiba lilikuwa kipara na jeki haikuwemo. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kwenye mizinga yake ya nyuki alisimama, akanifungulia matairi kwa vifaa vyake, na alipomaliza alikataa pesa akanipa mtungi wa asali. Vituo vya mafuta navyo ni vichache, basi ajaze tangi kila apitapo kwenye bandari.

FundiMeli wa Majengo

Binti yangu, nimefurahi kuwa mwalimu amenisahihisha kuhusu Seychelles. Mtoto aende.

Kuhusu chakula, nyama ya kuchinjwa kwa utaratibu wetu hamtaipata kisiwani, lakini hamtalala njaa hata kidogo. Samaki wapo katika kila bandari. Kuna soufiko, mchanganyiko wa biringani, zukini, pilipili hoho, vitunguu na nyanya, uliopikwa polepole kwa mafuta ya zeituni mpaka mboga zote zikalainika bila kupondeka. Kuna jibini ya mbuzi iitwayo kathoura, na asali nzito ya maua ya mlimani, ambayo kule hulambwa kwa kijiko asubuhi. Tena kuna mmea wanaouita kolokasi, ambao mke wangu alipouona shambani kandokando ya kijito alicheka na kusema kuwa tumerudi nyumbani, maana ni majimbi yaleyale tunayopika kwa nazi. Wao hawana nazi, huyala na kitunguu saumu. Jifunzeni maneno mawili: “choris krasi” maana yake ni bila mvinyo, na “choris chirino” ni bila nyama ya nguruwe. Muulize hata kwa samaki na pweza, kwa sababu mvinyo hutiwa sufuriani kama sisi tunavyotia ndimu. Hakuna atakayechukia. Mwenyeji wangu aliwaeleza mara moja tu nyumbani kwao, na tangu hapo mama yake alinipikia sufuria yangu peke yangu.

Msikiti haupo Ikaria. Mtasali nyumbani au mahali popote safi, mkielekea kusini-mashariki. Saa za kule wakati huo wa mwaka ni sawa na zetu, hivyo hamtabadilisha chochote kwenye simu, ila jua huchelewa kuzama, na mwanzoni mwa Septemba Magharibi huingia karibu saa mbili kasorobo usiku. Mkipitia Athens, upo msikiti rasmi uliofunguliwa mwaka 2020 katika eneo la Votanikos.

Sherehe kubwa za vijijini, ziitwazo panigiri, nyingi ni za Julai na Agosti, na ile ya tarehe 15 Agosti mtakuwa mmeikosa. Lakini mkisikia kwamba kijiji fulani kina yake, nendeni mapema mkae kidogo, hata kama nyama na mvinyo vya pale hamvitumii. Nilichokipenda ni kwamba chakula kinauzwa na kijiji chenyewe, vijana wakihudumu na wazee wakipokea pesa, na kinachopatikana hutengeneza barabara, shule au mabomba ya maji ya kijiji hicho. Mtu wa Kenya ataitambua harambee hata bila kuelewa neno moja la Kigiriki. Wamezoea kujitegemea watu wale. Mwezi Julai 1912 waliwaondoa maofisa wa dola ya Uthmaniya, wakajitangaza kuwa nchi huru yenye bendera yake, na wakakaa hivyo kwa miezi michache mpaka Novemba walipojiunga na Ugiriki. Baadaye, miaka ya 1940, serikali ilipokuwa ikiwahamishia huko maelfu ya wapinzani wake wa kisiasa, akiwamo mtunzi wa muziki Mikis Theodorakis, wanavijiji waliishi nao na kugawana nao kile kidogo walichokuwa nacho. Mhandisi wangu alikuwa akinionyesha nyumba moja baada ya nyingine na kusema nani alilala wapi.

BintiKisauni

Basi tumepanga hivi: siku tatu Therma, ambapo asubuhi moja baba na binti watakwenda Seychelles, kisha tutauvuka mlima mchana kweupe na kukaa siku tano Armenistis. Raches tutakwenda jioni, Nas asubuhi na mapema, Messakti na Livadi siku ambazo misonobari imetulia. Langada tutaijaribu ikiwa mume wangu atakuwa ameizoea barabara. Mama ana miadi na daktari wiki ijayo kuhusu yale maji ya moto. Swali langu la mwisho ni kuhusu meli ya kutoka Piraeus, maana tiketi ninazoziona zinataja bandari tofauti.

FundiMeli wa Majengo

Ni kweli, binti yangu, na hapo watu wengi hukosea. Meli hutia nanga Agios Kirykos siku nyingine na Evdilos siku nyingine, kulingana na safari, na mwendo wake ni wa saa sita hadi tisa au zaidi, kutegemea meli na visiwa inavyopitia njiani. Kwa mpango wako, kata tiketi ya kwenda inayoishia Agios Kirykos na ya kurudi inayoanzia Evdilos, na mkubaliane mapema na mwenye gari kwamba mtalichukua kusini na kulirudisha kaskazini. Upepo ukizidi, mamlaka ya bandari huzuia meli kuondoka, na hakuna wa kubishana nayo. Mwaka ule niliokwenda na mke wangu tulizuiliwa siku nzima na ndege yetu ikatuacha Athens. Ondokeni kisiwani siku mbili kabla ya ndege yenu, hata kama itawabidi kupunguza siku moja ya Armenistis. Mkipanda meli, mtafutieni mama kiti cha ndani kilicho katikati ya meli, karibu na usawa wa maji kadiri inavyowezekana, kwa kuwa hapo ndipo mtikisiko unapokuwa mdogo.